Mfalme Mwenye Jino la Dhahabu

Umma ulitangaziwa kwamba, kutokana na juhudi endelevu za Idara ya Mambo ya Kale, mkoa umempata mfalme.

Alifukuliwa nyuma ya jumba la makumbusho, wakati wa kuchimba msingi wa choo cha wageni mashuhuri. Mkurugenzi alipoona jino la dhahabu kwenye fuvu, hakuhitaji maabara. Nani mwingine hutafunia dhahabu? Mifupa ikapigwa mswaki, ikapangwa ndani ya sanduku la kioo, ikamulikwa taa. Umri wake kikao kilikadiria miaka elfu moja, kwa kauli moja.

Siku ya uzinduzi, Waziri keshashika mkasi wa kukatia utepe, mshonaji mmoja, mtoto mgongoni, akapenya hadi mbele na kupiga magoti.

"Shikamoo babu. Wamekuvua hata sanda!"

Mkurugenzi akamsogelea na tabasamu la kiserikali. "Mama, kuna utaratibu wa kuwasiliana na vielelezo."

"Kielelezo babu yako! Huyu wangu alikuwa fundi cherehani. Tulimzika hapo nyuma kabla hamjajenga. Jino nimeliona gazetini. Alilitia ujanani, kwa kujishaua tu. Nipeni nikamzike."

"Huyu ni mfalme, mali ya umma. Babu yako mtafute kwingine."

Mshonaji hakuinuka. Mtoto akaanza kulia.

Waziri, mpenda makuu, alikuwa amesikia nusu. Akavua kofia. "Kumbe mfalme ana mjukuu? Basi ardhi hii ni ya ukoo wake! Mkurugenzi, umeweka ofisi juu ya makaburi ya kifalme? Binti Mtukufu, tuhame lini?"

Mkurugenzi akaiona ofisi ikienda, na kiyoyozi chake, na gari.

"Mheshimiwa... huyu si mfalme."

"Ni nani?"

"Fundi cherehani."

"Sema kwenye kipaza sauti, baba," mshonaji alimwomba kwa upole, "na wa nyuma wasikie."

Akasema.

"Kwa hiyo umefukua kaburi la mtu," alisema Waziri.

"Kitaalamu, Mheshimiwa... ndiyo."

Kioo kikafunguliwa. Mshonaji akatandika shuka jeupe, akamkusanya babu yake mfupa kwa mfupa huku akimbembeleza mtoto, akatoka naye mlango mkubwa.

Wageni hawakuondoka. Walikuwa wamekuja kutazama kitu cha kale. Wakamzunguka Mkurugenzi, pale pale chini ya taa, wakaanza kumpiga picha.