Hotuba ya Kuzindua Pampu ya Zege ya Watulunyu

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo. Mheshimiwa Naibu wake, ambaye yuko njiani tangu asubuhi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Kamati. Mama yetu, Bu Wartinah, mwenyekiti wa akina mama, naomba usinyooshe mkono kwanza, bado sijafika kwako. Baba yetu, Pak Ngadiran, fundi mwashi, ambaye tunajua hawezi kusimama. Na ninyi wananchi wa kijiji hiki cha Kampung Watulunyu mlioketi juani kwa mujibu wa mpangilio: amani iwe kwenu nyote.

(Makofi ya watu wanne, wote watumishi wa ofisi.)

Mimi, Haryo Prabaswara, Mkuu wa Kitengo cha Miundombinu Midogo Isiyofikika, nimesimama hapa kuzindua rasmi Mfumo Jumuishi na Endelevu wa Kupandisha Zege, ambao kwa lugha yenu ni pampu yenye bomba refu, inayolipokea zege kutoka kwenye gari kule barabarani na kulifikisha juu mlimani, kupitia kichochoro ambacho hata pikipiki ikiingia hutoka kinyumenyume. Katika tarafa nzima, hakuna aliyewahi kuwaza jambo hili kabla yangu, na nalisema kwa unyenyekevu.

(Mtu anakohoa kwa muda mrefu.)

Sasa nisome taarifa ya utekelezaji. Jumapili iliyopita, saa mbili kamili asubuhi, gari la zege liliwasili chini ya ngazi za kupandia mlimani likiwa na mita za ujazo nne, kwa ajili ya slabu ya paa la chumba cha kupimia watoto uzito na kuwachanja. Dereva alieleza, kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya akina mama, kwamba zege likizidi muda wa saa mbili litaanza kushika ndani ya pipa lake, na kwamba yeye atalimwaga popote alipo. Wakati huo pampu ilikuwa katika hatua za mwisho za kuwasili.

(Bu Wartinah: "Nilikupigia simu mara sita, Pak Haryo. Ukaniambia iko kwenye kona.")

Ilikuwa kwenye kona ya mchakato, Bu. Wadau wengine hawaelewi kwamba mchakato nao una kona. Naendelea. Pak Ngadiran, akiwa juu kwenye nondo, alitoa ushauri wa kitaalamu kwa sauti kubwa, kwamba slabu haimwagwi nusu leo nusu kesho, maana itavuja pale ilipoungwa, na mvua ya kwanza itawanyeshea watoto kwenye mizani. Ndipo Bu Wartinah, bila kibali cha maandishi, alipochukua sufuria na mwiko akapita nyumba kwa nyumba akigonga.

(Bu Wartinah: "Ningesubiri kibali, tungekuwa na jiwe la mita nne barabarani.")

Walitoka watu mia mbili na kumi na mmoja. Nyumba ya Bu Sukemi, iliyokuwa inapika chakula cha harusi, iliacha gulai, mchuzi wa mbuzi, jikoni, na bwana harusi mwenyewe alishika nafasi kwenye ngazi ya arobaini akiwa amevaa saruni mpya.

(Sauti ya mwanamke: "Gulai iliungua, na tukaila hivyohivyo." Kicheko.)

Ngazi mia moja arobaini na tatu. Makarai na ndoo mia sita hamsini na nne, mkono kwa mkono, zilizojaa zikipanda upande huu, tupu zikishuka upande ule, kwa saa moja na dakika ishirini. Ukigawanya, mfumo ulifikia ndoo nane kwa dakika bila kutumia hata tone la dizeli. Mimi nilisimamia kwa karibu, ndani ya gari, ili nisizuie njia.

Kuhusu usalama: watu walipoanza kuchoka, Pak Ngadiran alishuka kuziba pengo, akateleza ngazi ya tisini na saba. Majeruhi ni mmoja tu kati ya mia mbili na kumi na mmoja, yaani asilimia sifuri nukta nne saba, kiwango cha kujivunia.

(Pak Ngadiran: "Mguu umevunjika wote, Pak. Si sifuri nukta kitu.")

(Mkewe: "Na karai hakuliachia. Alianguka nalo mikononi, halikumwagika. Mimi namwambia acha, yeye ananiambia lipitishe kwanza.")

Huo ndio ushirikishwaji ninaouhubiri. Sasa, nikisema "Zege", ninyi mseme "Lipande". Zege.

(Watumishi wanne: "Lipande.")

Maendeleo.

(Watumishi wawili: "Lipande.")

Nahitimisha kwa shukrani. Nawashukuru kwa sababu mlichofanya Jumapili kimetimiza vigezo vyote vya pampu. Kamati imetathmini, ikaridhika kwamba hakuna haja ya kuagiza mashine ambayo kazi yake imeshafanyika. Kwa hiyo ombi la pampu, ambalo nilikuwa natarajia kuanza kuliandika, limefungwa kwa maneno "Mradi Umekamilika", asilimia mia moja, na sisi ni kitengo cha kwanza kukamilisha kabla ya kuanza.

(Pak Ngadiran anatazama plasta ya mguu wake.)

(Bu Wartinah, akisimama: "Pak Haryo, wewe endelea tu. Slabu ina siku tano, isipomwagiliwa kwenye jua hili itapasuka. Jamani, twendeni." Watu wanainuka mmoja mmoja na kuanza kupanda. Wanaume wawili wanambeba Pak Ngadiran na kiti chake, kwa sababu anasema anataka kuigonga slabu asikie mwenyewe kama imeshika.)

Asanteni. Asanteni sana. Katibu, andika kwenye kumbukumbu: wananchi waliondoka wakiwa wameridhika.