Mwasumini wa Bi Hamda

Jumamosi, 3 Mfungo Nne 1325

Siku njema! Bi Hamda anakwenda shamba, Kizimbani, kumuuguza dada yake, na mwasumini wake kaniachia mimi. Mimi, si Ghanim! Sote wawili tumemposa Fatma, binti wa Bi Hamda, na jawabu bado. Nilipokwenda kumwamkia nilimwambia kwamba mauwa nayajua tangu utotoni. (Sijapata kuotesha hata mchicha.) Kaniamini. Mwasumini umo chunguni, umetambaa juu ya vijiti mpaka kimo cha mtu. Kauotesha marehemu mumewe. Kasema katika vitu vyote alivyoacha mume wake, huu tu ndio bado unakua. Nikaitikia upesi; nilikuwa nnamfikiria Fatma.

Jumapili, 4 Mfungo Nne

Ghanim kapita. Binamu yangu huyu haoni kitu asitie neno. Kasema uwekwe dirishani upate mwanga, na usimwagiwe maji mpaka udongo ukauke. Kijicho! Anataka ufe kwa kiu, mimi niaibike. Nimeuhamishia chumba cha ndani asiuone tena. Maji asubuhi, adhuhuri na magharibi.

Alhamisi, 8 Mfungo Nne

Majani yamegeuka manjano. Njaa, bila shaka. Nimeutilia maji ya kuoshea samaki. Paka wote wa mtaa wetu wa Malindi wamehamia kwangu! Mmoja kapanda vijiti, kashuka na tawi zima, tena lile lenye matumba.

Jumatatu, 12 Mfungo Nne

Matumba yaliyobaki yote chini. Nimefukua kidogo nitazame mizizi. Laini kama uji, na harufu yake siiandiki. Nimekaa sakafuni kando yake muda mrefu. Maneno ya Bi Hamda kuhusu mumewe hayanitoki. Ningekwenda kwa Ghanim saa ile ile, pengine ungepona. Lakini anavyocheka yule! Sikwenda.

Jumanne, 13 Mfungo Nne

Bi Hamda anarudi kesho! Lakini akili ninazo. Nimenunua koja la asumini Darajani, nikalizungusha kwenye matawi pamoja na uzi wake. Majani nimeyapaka mafuta ya nazi, yanang'aa. Ukitazama kutoka mlangoni, utadhani mti haujapata kuugua.

Jumatano, 14 Mfungo Nne

Siku nyeusi. Bi Hamda kaja, na Ghanim nyuma yake kamchukulia mizigo. Kasimama mlangoni, kafurahi, kaniombea dua. Dua ndefu. Kisha kasogea, kanyoosha mkono achume ua moja la kutia kwenye kikuba chake cha kunukia. Ua likaja. La pili likafuata. La tatu. Akavuta, na koja zima likatoka, na vijiti vikaanguka.

Nikangoja matusi. Hakunitukana.

"Ungeniletea habari tu, Turki mwanangu," kasema. "Ningerudi mapema."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Afadhali angenipiga. Ghanim hakucheka, na hilo limenichoma zaidi. Kakinyanyua chungu, kaondoka nacho.

Jumamosi, 8 Mfungo Tano

Jawabu limekuja. Fatma kapewa Ghanim. Nimekwenda kumpa mkono. Kanambia kaukata mwasumini karibu na shina, kaubadilisha udongo, kauweka barazani, na umechipua jani. Jani moja. Nimesema alhamdulillahi, na wallahi nimesema kwa moyo.

Ijumaa, 14 Mfungo Tano

Kutoka msikitini nimepitia kwa Ghanim. Hayupo. Mwasumini upo pale barazani, una majani machanga matano. Nimeuomba radhi kwa sauti. Mpita njia mmoja kasimama kunitazama. Machozi yalikuwa karibu. Nikatia kidole udongoni. Una unyevu, lakini kidogo mno! Na huyu ndiye anayejifanya mjuzi. Roho imeniuma. Safari hii sitauacha uteseke. Nimechota mtungini mwake kata mbili za maji, nikaumwagia. Ulionekana bado una hamu. Nikaongeza ya tatu.

Kesho nitapita tena mapema, kabla Ghanim hajafungua mlango.