Pingamizi la Kamati ya Sikukuu ya Samaki Dhidi ya Kurudi kwa Samaki

Puerto Bijao, kando ya Mto Magdalena

Mheshimiwa Mhandisi Yadira Montalvo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ramani zako. Sisi huku hatujambo, ila tumesikia kwamba mwezi ujao mtaleta katapila, mbomoe tuta na kufungua mkondo wa zamani, ili maji ya mto yaingie tena bwawani kwetu pamoja na samaki wake. Mimi, Arcesio Baldovino, Mwenyekiti wa Sikukuu ya Bocachico, yule samaki wetu wa mdomo mdogo, napinga. Napinga kwa heshima zote, kwa niaba ya Kamati na kwa niaba ya mama yangu mzazi, kwa sababu zifuatazo.

1. Jukwaa letu limejengwa juu ya tuta hilohilo. Mwenye ranchi ya nyati wa kufugwa alipoziba mkondo kwa tuta apate malisho, bocachico waliacha kuja, nasi tukabaki na simanzi na mahali tambarare. Simanzi tukaifanyia sikukuu, tambarare tukaijengea jukwaa. Sasa mnataka kutunyang'anya vyote kwa mpigo mmoja.

2. Sikukuu ya samaki haiwezekani samaki wakiwepo. Nani atakuja kumlilia bocachico wakati yuko bwawani anamvua? Rafiki yangu Rugero hupiga kodiani wimbo wa kumwomboleza samaki, na watu hulia hadi wanashikana mabega. Nilipompelekea habari zenu aliniuliza, "Sasa niimbe nini, Arce? Niililie nyanya ya mchuzi?" Ana familia yule.

3. Malkia wetu huvaa gauni lenye magamba ya vifuniko vya soda. Mwaka jana majaji walimuuliza bocachico anatoka wapi, akajibu bila kusita, "Kwenye boksi." Akavikwa taji, maana kweli tunaowala siku hizi hutoka kwenye boksi la barafu, lenye maandishi ambayo hata padre ameshindwa kuyasoma. Mkimleta samaki wa kweli, mtoto wa watu ataumbuka bure.

4. Mpango wenu unasema eti wanakijiji watapanda miti kingoni, watalinda mazalia ya samaki, na wakubaliane wenyewe nyavu ziwe na matundu gani. Wakubaliane! Watu ambao bado wamenuniana kwa sababu ya domino la Krismasi! Tena kina mama wameshaotesha miche nyuma ya kanisa bila kibali cha Kamati. Nilipokwenda kuwakemea walinipa ndoo nimwagilie.

5. Hili ni la nyumbani. Mama yangu, Bibi Nicolasa, hali samaki tena. Kila sikukuu nampelekea sahani ya mwenyekiti, anaibonyeza kwa kidole na kusema, "Arcesio mwanangu, sponji hii kaoshee vyombo. Mimi namngoja wangu." Anamngoja tangu mkondo ulipozibwa, na sasa macho yake yamekwisha. Mkimpa tumaini, halafu samaki wasije, nani atakaa naye jikoni? Si wewe, Mhandisi. Ni mimi, na naogopa.

Kwa hiyo naomba mto ubaki ulipo. Kama ni lazima upite, upite siku zisizo za sikukuu, na samaki wajiandikishe kwanza kwa Katibu wa Kamati.

Nisalimie mafundi wote, dereva wa katapila, na mama yako. Yule mpimaji aliyetumbukia matopeni mwambie kiatu chake tumekipata.

Wako katika kupinga,
Arcesio Baldovino
Mwenyekiti

Baada ya sahihi: Nilikuwa sijaifunga barua hii mvua kubwa iliponyesha, maji yakapenya kwenye ufa chini ya jukwaa, na Rugero akaokota bocachico mmoja, mdogo kama kiganja. Nilimpeleka kwa mama akiwa hai kwenye sufuria. Mama akampapasa mdomo, kisha akasema, "Ndiye. Ila huyu bado mtoto, mrudishe akawaite wakubwa." Nikamrudisha, nikilia bila kodiani. Tafadhali msingoje mwezi ujao. Jukwaa tumeshalivunja wenyewe, mbao ziko pembeni, msizikanyage, Rugero anataka kuziundia mtumbwi. Njooni upesi, Mhandisi. Mama ameshaanza kumenya mihogo.