Intavyu ya Siku ya Sabato

Jumatatu, 7 Machi 1966
Barua imefika! Chuo Kikuu kinaniita kwenye intavyu ya kazi ya Msajili Msaidizi. Mimi, Omwenga, mwalimu wa darasa la tatu hapa Migori, niliyekula vumbi la chaki hadi kifua kikachoka! Wazungu wanafunga virago Nairobi, viti vinabaki wazi. Kazi ina nyumba yenye maji ya bomba. Mke wangu Nyaboke ana mimba kubwa na bado anapanda kilima na debe la maji kichwani. Kumtazama kunaniuma. Nimemwambia aanze kuaga majirani. Ameanza.

Ubaya ni mmoja: maafisa wa chuo watatuhoji Homa Bay, Jumamosi asubuhi. Sisi ni Wasabato. Jumamosi Msabato hafanyi kazi wala hatafuti kazi. Nikionekana huko, ushemasi wangu kwisha.

Ubaya wa pili ni Mochama, mwalimu wa darasa la nne, Msabato mwenzangu. Naye ameitwa. Eti amepeleka telegramu kuomba apewe siku nyingine. Nilicheka hadi nikakohoa. Chuo Kikuu kizima kimngoje Mochama!

Jumatano, 9 Machi
Akili ni mali. Nimemwambia Mzee Mokaya, mzee wetu wa kanisa, kwamba nimealikwa kuhubiri Rangwe Sabato hii. Kutoka Rangwe hadi Homa Bay ni mwendo wa baiskeli tu. Hakuna aliyenialika, lakini nani ataenda kuuliza? Mzee alinishika mikono yote miwili, machozi yakamlenga. Akasema siku zote alijua Bwana ameweka kitu ndani yangu. Niliona haya kidogo. Yakapita.

Alhamisi, 10 Machi
Balaa! Mzee Mokaya amesema mhubiri haendi peke yake kama mwizi wa mbuzi. Atanisindikiza yeye mwenyewe. Pamoja na kwaya. Kwaya yote! Ryoba, mfanyabiashara wa mahindi, ametoa lori lake. Nikasema ni mbali, watu watachoka. Milka, anayeongoza kwaya, akanijibu kwamba hawachokei kazi ya Bwana.

Mochama amenifuata mara mbili. Ana jambo la kuniambia kuhusu telegramu yake. Nilimkatiza. Sina muda wa kumfariji mtu aliyekataliwa.

Ijumaa, 11 Machi
Tumefika Rangwe kabla jua halijazama. Watu hawakuwa na habari kwamba tunakuja! Nilijiandaa kuaibika. Badala yake wakapiga vigelegele, wakasema mgeni ni baraka, wakakimbiza kuku. Mzee Mokaya aliniangalia kwa jicho moja, kisha akaenda kusalimia wenyeji.

Mpango: nihubiri dakika kumi. Nisingizie tumbo. Nichukue baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya kanisa. Saa nne niko mbele ya maafisa, tai shingoni. Nani kama Omwenga?

Jumapili, 13 Machi
Jana sikuweza kushika kalamu.

Kwanza, sikumpigia hesabu mkalimani. Kule ibada ni kwa Kijaluo, mimi nilihubiri kwa Kiswahili. Mkalimani ni mzee mmoja, Nicodemus, mtu mwenye mapafu. Nikisema Mungu ni mwema, yeye anaeleza wema huo tangu Nuhu hadi mavuno ya mwaka jana. Nilifupisha. Akarefusha. Nikasema Amina nikakaa. Yeye akaendelea bila mimi! Watu walilia. Nami nililia, kwa sababu zangu.

Nilichomoka wakati wa chakula. Baiskeli haikuwa na breki. Homa Bay nilifika saa nane, vumbi hadi kwenye kope, tai mgongoni. Afisa wa chuo, mtu mpole mwenye miwani, akaniambia orodha ya siku ile imekwisha. Nikamweleza kwamba mimi ni Msabato, ibada ilinizuia. Uso wake ukafunguka! Akasema hakuna shida: mwalimu Mochama wa Migori alipeleka telegramu, basi wametenga Jumapili asubuhi kwa Wasabato wote. Nikamwomba aandike jina langu haraka.

Akachukua kalamu. Akanitazama kuanzia viatu. Akaniuliza, kwa upole sana, leo ni siku gani.

Nikasema Jumamosi.

Akafunika kalamu. Akasema Msabato angekuwa kanisani, na angekuja kesho. Kisha akanitakia safari njema.

Nyaboke alinitazama tu. Akatwaa debe, akashuka mtoni. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 28 Machi
Mochama amepata kazi. Ameaga shule nzima. Alinishika mkono akasema alijaribu kuniambia. Mtu wa kujisifu! Ushemasi wangu umepewa mwingine, na mwenye baiskeli ameleta malalamiko.

Lakini Mungu si Athumani! Barua nyingine: Karani wa Maktaba, intavyu Homa Bay, keshokutwa. Jumatano! Safari hii kanisa halinihusu hata kidogo. Kuna shule tu. Ningeweza kumwomba hedimasta ruhusa, lakini kuomba ni mambo ya akina Mochama. Nimemwambia kwamba shangazi yangu Gesare amefariki, na mazishi ni Jumatano.

Hedimasta ameguswa sana. Kumbe alimfahamu! Anafunga shule. Walimu wote watanisindikiza, na Ryoba ametoa lori.

Si neno, nitapata njia. Kinachonisumbua ni kwamba Shangazi Gesare amewasili leo mchana, kukaa na Nyaboke hadi ajifungue. Nimemsihi asitoke nje mpaka Alhamisi.