Nafasi Nne za Nangila

Jumatatu, 9 Mei 2005

Fomu imefika! Binti yangu Nangila amenitumia kutoka Kimilili, anakoishi kwa bibi yake tangu mama yake afariki. Ni ile fomu ya kurekebisha kozi za chuo kikuu baada ya matokeo. Nafasi nne. Amezijaza kwa penseli, ananiomba nipitishe kalamu juu yake kwa kuwa mwandiko wangu unasifiwa, kisha niweke sahihi ya mzazi.

Ya kwanza, uuguzi. Ya pili, uuguzi tena, chuo kingine. Ya tatu na ya nne, ualimu.

Uuguzi! Mtoto mwenye A ya kutoa!

Kiptanui alikuwa nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Huyu ndiye mpiga chapa mwenzangu, jirani yangu barazani hapa Kitale: mimi na taipureta yangu huku, yeye na kompyuta yake kule. Tangu aje na hiyo kompyuta, nimebakiwa na wateja wazee na watu wa kesi za mashamba. Ati binti yake Jepchumba ameomba sheria. Akauliza wangu je. Nikasikia mdomo wangu ukisema udaktari.

Akaguna. "Ati daktari? Na mtoto mwenyewe amesema hivyo, bana?"

Nikaigeukia taipureta yangu. Nilikuwa na kazi, japo hapakuwa na mteja.

Jumanne, 10 Mei

Sikuenda kazini. Nimeshinda nyumbani hapa Matisi na fomu mezani, nikifikiri.

Shida ni moja. Mwaka jana udaktari ulitaka alama mbili zaidi ya alizo nazo Nangila. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimeona mwanya. Kila mwanafunzi anajua udaktari ni mgumu, kwa hiyo mwaka huu wote watauogopa, wataukimbia, na nafasi zitabaki wazi zikitafuta watu! Ili kusaidia mambo, jioni nimepita kwenye vibanda nikiwaambia wazazi watatu kwamba udaktari mwaka huu umejaa kabisa. Wawili hawana watoto wa sekondari, lakini habari husambaa.

Nimefuta penseli. Nimeandika kwa wino, kwa mwandiko wa kupendeza sana. Udaktari. Udaktari, chuo kingine. Udaktari wa meno. Nafasi ya nne sikuwa na la kuweka, na kijitabu cha kozi kinasema usiache pengo. Nikaweka kozi ya ukurasa wa mwisho: Usimamizi wa Malisho ya Mifugo. Hatutafika huko.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Si Kiptanui peke yake. Mke wangu Sellah, mama yake Nangila, alilalamika kifua wiki tatu. Nilimwambia ni baridi ya Kitale. Nilikuwa nafuatilia biashara ya mbegu za alizeti ambayo haikuota, si biashara, si mbegu. Nilipompeleka hospitali ya Lugulu, walifanya kila walichoweza, ila mimi ndiye niliyechelewa. Kungekuwa na daktari nyumbani, angeniambia, na ningesikia. Ninamkumbuka Sellah kila siku.

Jumatano, 11 Mei

Nimeipeleka fomu shuleni Kimilili mwenyewe. Phelista, karani wa ofisi, akaitazama akanitazama. Akauliza kama Nangila amebadilisha mawazo. Nikasema watoto hubadilika. Akaitia kwenye bahasha kubwa pamoja na za wenzake. Gari la shule linazipeleka Nairobi Ijumaa saa kumi, na baada ya hapo hakuna kurekebisha tena.

Safi! Nimekula samosa mbili.

Alhamisi, 12 Mei

Heri nisingezila.

Nangila amekuja Matisi bila taarifa, na mboga za sutsa kutoka kwa bibi yake. Amekuja kunishukuru. Ati wenzake wanagombana na wazazi wao juu ya kozi, wengine hata wamepigwa, na mimi nimemwachia achague. Nikainamia sufuria.

Halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Siku ya mwisho ya mama yake, mimi nilikuwa nimetoka kutafuta wa kunikopesha. Muuguzi mmoja, Chesang, alileta maji ya vuguvugu akamwosha Sellah miguu, pole pole, akimsimulia habari za ng'ombe wake mkaidi. Sellah akacheka. Nangila alikuwa na miaka kumi na minne. Muuguzi akampa kitambaa, akamwambia mguu ule mwingine ni wako. Ati siku hiyo ndiyo aliyojua atakuwa nani.

Sellah alicheka siku yake ya mwisho! Miaka mitatu sijui.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Nimelia. Kesho naenda kurekebisha. Naapa.

Ijumaa, 13 Mei

Saa nne nilikuwa langoni, na kalamu mbili na kifutio cha wino. Ngari, bawabu, akanifungulia. Nikakata kona ya ofisi. Nikarudi nyuma mbio.

Mama mkwe! Kwenye benchi, mlangoni pa ofisi, leso imetandazwa, njugu mapajani.

Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hapewi mkono, hamketi benchi moja, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Nilimwoa Sellah miaka ishirini iliyopita na sijawahi kumtazama mama yake usoni. Na mlango wa ofisi ni mmoja. Ningepita hatua moja kutoka magotini pake!

Nikajificha nyuma ya rundo la kuni za jikoni. Nikasubiri aondoke. Hakuondoka.

Saa sita nilimtuma Ngari amwambie mbuzi wameingia shambani kwake. Akarudi akasema mama anajibu kwamba mbuzi aliwauza Krismasi. Saa saba nikamtuma amwambie mvua inakuja. Akarudi. Mama amesema ana mwavuli. Nikamwomba amwite Phelista aje huku kwenye kuni. Phelista akasema ofisi ni ofisi, mzazi mwenye shida aje mezani.

Saa nane Ngari alichoka nami. Akauliza yule nyanya ni nani wangu, nikamweleza. Akasema kwao mtu angeamkia tu na kupita. Nikamwambia kwao si kwetu. Akaniambia mama anangoja fomu ya mjukuu wake iondoke salama. Ati ameapa haondoki benchini hadi aone gari limetoka langoni, asije mtu akaichezea.

Saa kumi na dakika tano gari lilitoka. Mama mkwe akasimama, akalipungia mkono. Mimi nikatoka kwenye kuni nina utitiri hadi masikioni.

Mila ni mila, kila mtu ataniambia nilifanya vyema. Lakini leo nitaandika na hili. Ningeweza kufunika uso na koti nikapita. Watu huwa wanafanya hivyo msibani. Nilichoogopa ni kusema mbele yake, kwa sauti, nilichomfanyia mtoto wa Sellah.

Jumapili, 15 Mei

Kanisani mhubiri alisema Mungu ana njia zake. Nimejiegemeza hapo.

Jumatatu, 22 Agosti

Majina yametoka. Jepchumba, sheria. Kiptanui amenunulia baraza zima soda. Yangu nilikunywa nusu.

Nangila, Usimamizi wa Malisho ya Mifugo.

Mwaka huu watu waliuomba udaktari kuliko miaka yote. Sijui nani aliwadanganya kwamba unaogopwa.

Jumatano, 24 Agosti

Nangila amefika asubuhi. Hakuketi. Akasema, "Baba, mimi sikuandika malisho." Nilianza na kompyuta: mashine hizi hukosea, amuulize Kiptanui. Akaniacha nimalize. Kisha akanipa salamu za bibi yake. Kukhu, ndivyo amwitavyo bibi, amesema aliniona siku ile nyuma ya kuni tangu saa nne. Alidhani namheshimu.

Nilikwisha. Nikamwambia yote: penseli, wino, wiki tatu za kifua, alizeti, mbuzi wa uongo. Sikubakisha. Nililia mbele ya mtoto wangu, na yeye akalia, na hapakuwa na mama wa kutunyamazisha. Akasema alikuwa anahesabu siku hadi avae ile nguo nyeupe. Alikuwa hata amemwandikia yule muuguzi. Nikapiga magoti kwenye saruji. Akaniinua. Ati, "Amka baba, utajiumiza."

Amenisamehe. Sistahili. Nimemwahidi kwamba sitagusa tena jambo lake lolote bila yeye kusema.

Alhamisi, 25 Agosti

Iko njia! Phelista amemwambia Nangila kwamba mtu aliyeitwa kwenye kozi asiyoitaka anaweza kuandika barua ya kuomba kuhamishwa. Alama zake za uuguzi zinatosha kabisa. Barua ifike mapema, iwe nadhifu, iwe imepigwa chapa. Nangila angeweza kwenda kwa Kiptanui. Alikuja kwangu.

Alisema, nikaandika pembeni. Aya tatu. Ya pili ni ya Chesang na ile miguu, na wazee wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walisogea karibu kusikiliza. Gari la Kimilili lilikuwa linajaza abiria, na bibi yake anaumwa mgongo. Akachukua karatasi tupu, akatia sahihi chini kabisa, akanipa. "Wewe piga tu juu yake, baba. Nakuamini." Akakimbia.

Nimepiga chapa kwa uangalifu kuliko barua yoyote maishani mwangu. Utepe mpya. Hakuna kosa hata moja.

Sasa, jambo dogo. Nilipofika kwenye ombi lenyewe nilisimama kidogo. Maana hawa watu wa chuo watafungua faili mara moja tu. Mtu akishabisha hodi na kufunguliwa, aombe maji peke yake? Na wale walioukimbilia udaktari kwa wingi, nusu yao watashindwa ada, watahama, nafasi zitabaki wazi. Nimepiga hesabu. Ni sasa au basi.

Nimebadilisha neno moja tu, mahali patatu. Udaktari. Aya ya mama yake sikuigusa, ile miguu na maji ya vuguvugu, ni nzuri mno. Nimeitia posta mwenyewe kabla hawajafunga.