Chai Inayojileta Yenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu hanisemeshi. Kisa? Nilisema mbele ya mama yake kwamba anakoroma. Kwani uongo! Kuomba radhi siwezi. Neno lenyewe hunikwama kooni. Lakini mimi si wa kukosa njia. Gari la rimoti la binti yetu litampelekea kikombe cha chai uani. Nani atanuna mbele ya chai inayojileta yenyewe?

Jumanne, 4 Juni
Gari limegoma. Nimebadili betri za rimoti. Nimezigeuza. Nimesugua vyuma kwa ndimu. Nimevuta antena, ikabaki mkononi. Shemeji kinyozi, tunayepakana naye ukuta, akachungulia na kusema naye kanunua gari kama hili, anisaidie? Nikamjibu kwamba mitambo si vipara. Kiherehere tu!

Jumatano, 5 Juni
Ajabu! Alasiri, jua limelala sakafuni, rimoti iko wazi mezani, haina hata betri. Nikalitazama gari, nikawaza: njoo. Likaja! Taratibu, likazunguka mguu wa meza, likasimama kwenye kivuli cha pazia. Machozi yalinilenga. Huenda miaka yote vitu vilikuwa vikinisikiliza, nami sikujua kuviita. Nikamkumbuka sana mke wangu, ingawa alikuwa jikoni tu.

Alhamisi, 6 Juni
Chai juu ya gari. Mke wangu uani, anaanua nguo. Nikafumba macho, nikawaza kwa moyo wote. Likaenda! Nilipofumbua, lilikuwa limempita, limetoka langoni, limefika miguuni pa mama mkwe, barazani kwa shemeji. Shemeji kashika rimoti, kaduwaa. Kumbe magari yetu ni mapacha. Rimoti yake huyaamrisha yote mawili, na tangu jana alikuwa akijaribu lake. Mama mkwe akainywa chai. Akasema sukari imezidi. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniambia hataki chai wala gari, anataka neno moja tu, kutoka kinywani mwangu. Nikafungua kinywa. Nikakohoa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima kasuku wa fundi cherehani. Atanisemea! Asubuhi nzima namwambia, "Nisamehe, mke wangu, nisamehe." Kwa kasuku linatoka laini kabisa. Bado hajalishika. Sasa mke wangu kajilaza sebuleni kwa usingizi wa mchana, na kasuku kainamisha kichwa, anamsikiliza kwa makini sana.