Data Ghafi za Ngenge Zimepangwa Vizuri

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, Baba Paroko, Mchungaji wa Usharika, wenyeviti wote wa vitongoji, na wazazi wetu wa Ngenge mlioacha maharage shambani ili mnisikilize, mwasibota waitu, habari za mchana ndugu zangu. (Vigelegele.) Ambaye sikumtaja ajitaje kimoyomoyo, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Gamaliel Rwekaza, Mratibu Mwandamizi wa Mradi Jumuishi wa Upimaji wa Mipaka kwa Njia ya Setilaiti, Kanda ya Muleba na Viunga vya Bukoba, nina furaha isiyopimika, ingawa kupima ndiyo kazi yangu. (Kicheko.) Naleta taarifa kwamba awamu ya kupakua na kupanga data ghafi imekamilika kwa asilimia mia moja na kumi. Kwa lugha nyepesi, mashine ya GPS ikishasimama mpakani na kusikiliza setilaiti, yale iliyoyasikia hupakuliwa kwenye kompyuta, hupangwa kwenye folda kwa jina la kijiji na tarehe, hutengenezewa bakapu, yaani nakala ya akiba, ndipo yachakatwe yawe ramani. Sisi tumepanga. Tumepanga folda ndani ya folda, na tumezipa rangi. (Makofi.)

Sasa nieleze yaliyotokea asubuhi, maana uwazi ndiyo sera yangu. Mnamfahamu Ma Kokuberwa na jirani yake Ta Rutaihwa, ambao tangu mafuriko yang'oe alama za mpaka wa vibanja vyao vya migomba hawasalimiani, hata kanisani wakati wa kupeana amani kila mmoja hugeukia upande wake. Walikuja kuonyeshwa mpaka. Nikamwagiza mtaalamu wetu, Dada Joanitha, afungue folda husika. Akafungua. Akafungua iliyo ndani yake. Akafungua na ya bakapu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, humu hamna kitu."

(Minong'ono.)

Tulieni, waitu. Nilifafanua kitaalamu kwamba data ghafi kuliko zote ni ile ambayo haijaguswa na mtu. Ta Rutaihwa alinitazama, akamtazama Ma Kokuberwa, na yule mama akaanza kucheka mpaka akashika meza. Mzee naye kicheko kikamshinda. Mama akamwambia, "Ta Rutaihwa, tutazeeka tukimsubiri huyu. Mpaka unaukumbuka, nami naukumbuka. Twende."

Wakaenda na kamba ya mbuzi. Walipotofautiana kwa hatua moja, wakaigawa katikati, wakapanda miti ya mpaka, halafu wakala ndizi na maharage nyumbani kwa mama, wakicheka bado. Mimi sikualikwa. (Kicheko kirefu, watu wanasimama.)

Ndugu wananchi, nani atabisha kwamba hayo ni matokeo chanya, endelevu na shirikishi ya mradi wangu? (Sauti: "Hakuna!") Setilaiti hoyee! (Hoyee!) Folda hoyee! (Hoyee!)

Kwa kuhitimisha, namshukuru Dada Joanitha kwa rangi alizochagua. Naishukuru mashine yetu ya GPS, ambayo nimeiona kwa macho yangu, pichani. Nawashukuru wafadhili wetu, popote walipo, ambao watatufadhili pindi tutakapowapata. Na ninyi, wazazi wangu wa Ngenge, asanteni kwa kuupokea kwa mikono miwili mradi ambao, Mungu akipenda, tutakaa kikao cha kuubuni.